Steringi Hafi? Maneno ya Mtafsiri wa Kibanda Umiza

Hotuba kwa wanafunzi, wazazi na walimu, Moshi, wakati wa likizo ya Desemba. Imeandikwa kama ilivyosemwa, isipokuwa vicheko na ile vurugu ya spika mwanzoni.

Mwenyekiti wa shughuli hii, walimu, wazazi mliokaa mbele, na ninyi wanafunzi mliobanana huko nyuma kana kwamba viti vya mbele vinatozwa kodi: itifaki imezingatiwa. Wakubwa wangu, shikamooni. Wadogo zangu, mambo?

Nimeombwa niseme ninavyoziona muvi za mashujaa na katuni zilizotoka miaka hii ya karibuni. Mwalimu aliyenipigia simu aliniita mchambuzi wa filamu. Nikanyamaza, nikakipokea cheo. Lakini wakazi wa Pasua na Majengo mliomo humu mnaijua kazi yangu halisi. Mimi ni mtafsiri wa kibanda umiza, kile chumba cha benchi ambako watu wanalipia kutazama muvi. Muvi inaongea Kiingereza au Kichina, mimi nimekaa pembeni ya televisheni na maiki, naongea Kiswahili juu yake. Tuliianza kazi hii kwa kusikiliza kanda za Lufufu wa Dar, baadaye tukamwiga DJ Afro wa Kenya, kisha kila mtu akapata sauti yake. Ni kazi isiyo na kurudisha nyuma. Mhusika akifungua mdomo, usikie, uelewe, useme, na wakati huo yeye ameshaingia sentensi ya pili.

Kwa hiyo maoni nitakayotoa si ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha sponji na bisi mapajani. Mimi huwa natazama watazamaji kuliko ninavyotazama muvi. Mtafsiri hujua muvi imekufa kabla ya mtu mwingine yeyote, maana watu wanaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kununua karanga, na kadiri unavyoongeza sauti ndivyo wanavyozidi kutoka.

Kibanda kina sheria yake, na wazee waliokulia kwenye muvi za Schwarzenegger na Bruce Lee wanaifahamu: steringi, yule shujaa mkuu wa muvi, hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi. Mtu akichelewa kuingia, swali lake la kwanza akishakaa ni "steringi nani?" Akishaonyeshwa, anatulia. Ana uhakika pesa yake imewekwa kwa mtu wa kufika mwisho. Leo nataka kuzungumzia sheria hiyo, kwa sababu naona muvi za mashujaa zimeitii kupita kiasi mpaka zikapoteza ladha, na wakati huohuo katuni, ambazo wazazi wengi mnadhani ni za kuwanyamazisha watoto mkipika, ndizo zimebaki na ujasiri.

Nianze na Black Panther ya mwaka 2018, ya mwongozaji Ryan Coogler, kwa kuwa hapa Moshi hakuna muvi ya shujaa iliyojaza benchi kuliko ile. Mlinzi wetu wa wakati ule alikuwa Mmasai kutoka upande wa Monduli. Alikuwa hana habari na muvi, lakini siku hiyo aliingia ndani akasimama. Aliwaangalia wale wanawake walinzi wa mfalme, mavazi mekundu na shanga shingoni, akatikisa kichwa kukubali. Kisha wakatokea wapiganaji wa mpakani wamejifunika mablanketi, akauliza kwa sauti, "Hawa nao, blanketi na jua lote hili?" Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la maana. Yale ni mablanketi ya Basotho, watu wa Lesotho, nchi ya milima na baridi. Ruth Carter aliyebuni mavazi yale alichukua huku na kule Afrika, Umasaini na Lesotho na kwingineko, akavichanganya kuwa nchi moja ambayo haipo, Wakanda. Akapata Oscar, na sina neno, mavazi yalipendeza.

Lakini kilichowaweka watu kwenye benchi ni adui. Killmonger ana hoja. Baba yake aliuawa na mfalme wa Wakanda, yeye akaachwa mtoto Marekani, na anachodai ni kwamba nchi yenye nguvu kiasi kile isingekaa kimya wakati watu weusi duniani wanaonewa. Vijana wa bodaboda walikuwa upande wake, wazi kabisa. Nilipotafsiri maneno yake ya mwisho, akikataa kutibiwa ili asiishi kifungoni, kuna kijana alipiga kofi peke yake gizani. Adui akiwa na hoja, steringi analazimika kufikiri, na mtazamaji naye anafikiri. Muvi nyingi za mashujaa zilizofuata zimesahau jambo hilo, zinatuletea adui anayetaka kuangamiza dunia bila sababu ambayo mtu wa Pasua angeielewa.

Miezi miwili baadaye ikaja Avengers: Infinity War. Thanos, adui wa muvi hiyo, akapiga vidole, nusu ya viumbe vyote wakageuka vumbi. Steringi mmoja baada ya mwingine. Black Panther wetu, vumbi. Yule kijana Spider-Man amemshikilia Tony Stark, yaani Iron Man, anamwambia hataki kwenda, na anakwenda. Ndani ya kibanda ukimya ulikuwa wa msibani. Muvi ikaisha hapo hapo. Fundi baiskeli mmoja, mtu mzima, akasimama akadai arudishiwe mia tatu yake, kwamba ameuziwa muvi isiyo na mwisho. Hakurudishiwa, lakini nadhani kati yetu sote yeye ndiye aliyeiona vizuri ile muvi. Ilimuuma.

Mwaka 2019 muvi iliyofuata, Avengers: Endgame, ikawarudisha karibu wote. Tony Stark alikufa kweli, Natasha, yaani Black Widow, alikufa kweli, na muvi ikaingiza karibu dola bilioni 2.8. Ingekuwa mimi mwenye kampuni yao ya Marvel, ningewapumzisha watu miaka mitano. Wao wakafungua mlango mwingine: ulimwengu sambamba. Maana yake, Spider-Man huyu akifa, yuko mwingine kwenye dunia ya pili, na mwingine ya tatu. Kifo kikawa kama deni kwenye daftari la duka ambalo mwenye duka hulifuta kila mwisho wa mwezi. Nani ataogopa kukopa? Wolverine alikufa mwaka 2017 kwenye Logan, kifo kizuri, cha mtu aliyechoka. Mwaka 2024 Deadpool & Wolverine inaanza kwa kufukua mifupa yake na kuitumia kama silaha. Nakiri muvi yenyewe inajua huo ni uhuni na inachekesha kwa huo uhuni. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Ila wazazi, ile si ya watoto hata kidogo, msidanganywe na rangi za nguo zao.

Kwa mtafsiri, ulimwengu sambamba ni mateso. Chukua The Marvels ya mwaka 2023. Ina wanawake watatu wanaobadilishana mahali kila wakitumia nguvu zao, jambo ambalo lingeweza kuwa burudani tupu. Lakini ili umjue wa pili, ilikupasa uwe umeona tamthilia moja. Ili umjue wa tatu, tamthilia nyingine. Nikajikuta nusu saa ya kwanza sitafsiri, nasimulia: huyu ni binti wa fulani, yule fulani alikuwa rafiki wa huyu, mama yake alifariki wakati yeye ni vumbi. Watu wakaanza kutoka kununua karanga. Duniani kote iliingiza dola milioni 206, kiasi kidogo kuliko muvi yoyote ya Marvel ya mfululizo ule. Kuna waliosema ni kwa sababu steringi ni wanawake. Mimi nakataa. Pasua wanatazama wanawake wakipigana tangu enzi za muvi za Hong Kong na hawajawahi kulalamika. Wamechoka kupewa mtihani wa kitu ambacho hawakufundishwa.

Tangu hapo nikajiwekea kipimo, nacho ndicho ninachowaletea leo: muvi nzuri ni ile ninayoweza kuitafsiri bila kusimulia muvi nyingine.

Kwa kipimo hicho, mwaka 2025 ulianza vibaya na Captain America: Brave New World, ambayo sitaizungumzia. Thunderbolts* ilinishangaza. Adui wake ni giza lililo ndani ya kijana mmoja mwenye huzuni nzito, na mwishoni hawampigi, wanamkumbatia. Kuna watazamaji waliguna, "ndiyo imeisha hivyo?" Imeisha hivyo. Ila The Fantastic Four: First Steps ndiyo niliyoitafsiri huku nimekaa vizuri kitini. Hakuna unachohitaji kujua kabla. Kuna mume, mke, shemeji na rafiki. Mke ni mjamzito. Jitu kubwa kuliko majengo linakuja na kusema litaiacha dunia ikipewa yule mtoto. Basi. Mama mwenye mtoto mgongoni, aliyeingia tu kukwepa mvua, alielewa tatizo lile kwa dakika moja na akaanza kutoa ushauri.

Na Superman ya James Gunn, Julai 2025. Sikilizeni inavyoanza. Maandishi yanasema karne tatu zilizopita kulitokea hiki, miaka 30 iliyopita hiki, miaka mitatu, wiki tatu, saa tatu, mpaka dakika tatu zilizopita, Superman ameshindwa vita kwa mara ya kwanza. Halafu anaanguka kwenye theluji, puu, kavunjika, anapiga mluzi kumwita mbwa wake amburute nyumbani. Hakuna kusimuliwa tena habari za sayari iliyolipuka na kijana aliyelelewa shambani. Nusu dakika tumeingia. Kumfungulia muvi Superman akiwa ameshapigwa ni akili. Kuna mahali katikati ya vita na dude kubwa anasimama kumwokoa kindi. Kindi! Watu wazima walicheka, watoto wa mbele hawakucheka, walishusha pumzi. Ina kasoro zake, wahusika ni wengi kama harusi ya Kibosho, na huko mwishoni kelele zinazidi. Lakini huyu Superman anaweza kuumia na anaweza kukosea, na hilo lilikuwa limekosekana kwa muda mrefu.

Kabla sijaacha mashujaa, niseme neno juu ya Wakanda Forever ya mwaka 2022. Chadwick Boseman, aliyekuwa Black Panther, alifariki Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, ana miaka 43. Alikuwa akiugua tangu mwaka 2016, maana yake alicheza muvi zile zote akiwa mgonjwa. Kampuni iliyokwisha kutuzoesha kufufua watu ingeweza kumtafuta mtu mwingine wa kuvaa vazi lile. Hawakufanya hivyo. Muvi inaanza na msiba, watu wamevaa nyeupe, wanacheza ngoma ya mazishi. Ni ndefu mno, saa mbili na dakika arobaini, na habari za wale watu wa majini zingepunguzwa. Lakini ule mwanzo sikuutafsiri. Nilizima maiki. Kila mtu mle ndani alijua kwamba safari hii hakuna dunia ya pili.

Sasa katuni.

Wazazi, najua mnavyosema. "Zima hizo katuni usome." Nami nina watoto, nami nasema hivyohivyo. Lakini fikirini kitu kimoja. Kwenye muvi ya watu halisi, kamera inaokota vitu ambavyo hakuna aliyeviamua: kivuli, mtu anayepita, upepo kwenye nywele. Kwenye katuni hakuna cha bure. Jani likitikisika, kuna mtu aliamua litikisike. Mfano wake mzuri ni Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018. Sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Mle ndani kijana Miles, ambaye bado hajui kutumia nguvu zake, amechorwa kwa picha 12 kwa sekunde, kila picha inakaa mara mbili, kwa hiyo mwendo wake una mshtuko, unakwama-kwama. Peter, Spider-Man aliyezoea kazi, anaruka karibu naye kwa picha 24, laini kabisa. Tazameni ile sehemu wanakimbia msituni, wanaruka kwa utando. Watoto wa kibandani hawajui hesabu hiyo, lakini waliniambia, "Miles bado hajaiva." Macho yao yalishahesabu.

Muvi ya pili, Across the Spider-Verse ya mwaka 2023, ina ulimwengu sambamba huohuo niliokuwa nauponda hivi punde. Tofauti ni kwamba ndani yake ulimwengu huo una gharama. Miles anaambiwa kila Spider-Man lazima ampoteze mtu, ndivyo ilivyoandikwa, na safari hii ni baba yake. Anakataa. Wenzake wote wanamfukuza kwa sababu amekataa. Yaani wamebishana kuhusu sheria ya kibanda ndani ya katuni: nani alisema nani lazima afe? Tatizo langu nayo ni kwamba inakatika katikati, na sehemu inayofuata imechelewa mpaka wale watoto walioitazama nami sasa wana ndevu.

Inside Out 2 ya mwaka 2024 niliiogopa. Binti wa Kimarekani wa miaka 13, anacheza mpira wa magongo kwenye barafu, na wahusika wengine wote ni hisia zilizomo kichwani mwake: Furaha, Huzuni, na mgeni anayeitwa Wasiwasi mwenye nywele za rangi ya chungwa. Nikasema, hapa Moshi barafu tunaiona juu ya kilele cha Kibo tu, nani atanielewa? Basi ikafika pale Wasiwasi anapokamata usukani wote. Anazunguka kwa kasi mpaka anakuwa kimbunga, huku ameganda, hawezi kuuachia usukani, na nje yule binti amekaa kwenye benchi la adhabu, anahema, ameshika kifua. Binti mmoja wa Kidato cha Pili aliyekuwa amekaa karibu na spika alimgeukia mwenzake akamwambia, "Hiyo ndiyo hesabu, mtihani wa Novemba." Walimu, mmesikia. Yule binti hakuwahi kuwaambia jambo hilo ninyi wala mama yake. Muvi ile iliingiza karibu dola bilioni 1.7 na nadhani sehemu kubwa ya waliolipa ni wazazi waliotoka wakiwaangalia watoto wao kwa jicho jingine.

Ila kama mtaniruhusu nichague moja tu, ni The Wild Robot, ya mwaka huohuo. Roboti inaitwa Roz, sauti ni ya Lupita Nyong'o, Mkenya wetu huyu jirani. Imetupwa na dhoruba kwenye kisiwa chenye wanyama tu. Kwa bahati mbaya inaangukia kiota cha bata bukini na kuua, linabaki yai moja, na kifaranga anapototoka anaiona roboti kuwa mama. Inabidi imfundishe kula, kuogelea, na kuruka kabla ya baridi, ama sivyo atakufa. Msikilizeni Lupita. Mwanzo anaongea kama sauti ya simu inayokwambia ubonyeze moja kwa Kiswahili. Polepole, bila kukuonyesha ni wakati gani, sauti inapata joto. Nilipokuwa natafsiri ilibidi nami nibadilike naye, na sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile.

Bibi mmoja wa Rau alikuja kumchukua mjukuu wake. Alisimama mlangoni, kanga begani, akaniashiria nimtoe mtoto. Nikamwashiria asubiri kidogo. Ilikuwa ndiyo ile sehemu ya bata kuondoka, kundi zima linaruka, na mtoto na mama yake roboti wana kinyongo, hawajamaliza maneno. Roboti inakimbia chini, bata anapanda juu. Bibi akauliza kwa sauti, "Mbona hawajaagana vizuri?" Hakuna aliyemjibu. Akakaa. Mji huu tunajua kusindikiza watoto stendi. Kila Januari mabasi ya Dar yanaondoka alfajiri yamejaa watoto wa watu, na wengine wameondoka hivyohivyo, maneno hayajaisha. Bibi alitazama mpaka mwisho na mjukuu ndiye aliyeanza kusema anataka kwenda nyumbani.

Mufasa: The Lion King, ya Barry Jenkins, ilitoka Desemba 2024, na mnajua Desemba ya Moshi ilivyo. Wachaga wote wamerudi, na wamerudi na watoto wa Dar waliokwisha kuiona kwenye kumbi kubwa. Wakatutobolea siri zote kabla haijafika. Mimi sikuipenda sana. Simba wake wamechorwa kwa kompyuta mpaka unaweza kuhesabu manyoya, lakini nyuso hazina hisia. Simba wa kweli hacheki wala halii, na ukitaka afanane kabisa na wa kweli umejifunga mwenyewe. Ile ya mwaka 1994 iliyochorwa kwa mkono, nyusi za Scar, yule simba adui, peke yake zilitosha kukueleza habari nzima. Tena kuna jambo linaloniudhi, niliseme nipumue: fisi. Miaka yote fisi ni mwizi na mjinga. Hapo Ngorongoro mtafiti Hans Kruuk alikesha usiku na fisi miaka ya 1960, akakuta wanawinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na mara nyingi simba ndiye anayekuja asubuhi kuwanyang'anya. Watalii wanapiga picha simba yuko juu ya mzoga na fisi wanazunguka, wanasema, tazama wezi wale. Waongoza watalii mliomo humu mnajua. Siku mtu akitengeneza katuni ya fisi anayedai haki yake, mimi nitaitafsiri bure.

Nani ataitengeneza? Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Wachina walichukua hadithi ya zamani ya mtoto Nezha, ambayo kila bibi wa kwao anaijua, wakatoa Ne Zha 2 mwaka 2025. Ikawa katuni ya kwanza kuvuka dola bilioni mbili, na pesa hizo karibu zote zimetoka kwao wenyewe. Mwongozaji wake, Jiaozi, alisomea famasia. Mtasema China ni kubwa, ina pesa. Sawa. Latvia je? Ni nchi ndogo huko Baltiki, watu wake hawafiki milioni mbili. Machi 2025 katuni yao Flow ilipata Oscar, ikaziacha Inside Out 2 na The Wild Robot nyuma. Paka, mbwa, panya mkubwa wa Amerika Kusini, mnyama wa Madagaska, na yule ndege mwenye miguu mirefu mnayemwona Serengeti akikanyaga nyoka, wote ndani ya mashua moja, dunia imefurika maji. Hakuna anayesema neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hiyo mtafsiri nilikosa kazi! Nilikaa na maiki yangu kama mtu aliyealikwa harusini akakuta imehama ukumbi. Na hakuna aliyetoka kununua karanga.

Sasa sikilizeni ninyi wa huko nyuma. Flow imetengenezwa kwa programu inayoitwa Blender. Ni ya bure. Haina leseni ya kununua, unaishusha mtandaoni, unaanza. Gints Zilbalodis aliyeiongoza alikuwa na kikundi kidogo na bajeti ya yuro milioni 3.5 hivi, na picha za mwisho alizitoa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kabla ya hapo alitengeneza filamu nzima, Away, peke yake, kuchora, kuhariri, mpaka muziki. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kuanza. Itakuwa polepole, utaiacha usiku ifanye kazi na asubuhi utakuta sekunde chache tu, na umeme ukikatika utaanza upya. Siwadanganyi kwamba ni rahisi. Nasema mlango haujafungwa.

Tena si kwamba hatujaanza. Wadogo zenu wanamjua Akili, yule mtoto wa miaka minne wa katuni za shirika la Ubongo, anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Katuni ya Kitanzania, na mlima wake ni huu. Mwaka 2023 zilitoka filamu fupi kumi za Kiafrika kwa jina la Kizazi Moto, na mojawapo, Enkai ya Mkenya Ng'endo Mukii, inahusu mama na binti wa kimungu, na jina lake ni la mungu wa Kimasai. Na kabla ya hizo kuna Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya Kenya, mwaka 2018. Ina watu halisi, lakini ni muvi ya shujaa kuliko nyingi nilizotaja. Binti mdogo ni mgonjwa asiyepona, anapenda muvi za mashujaa, na kijiji kizima kinaamua kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Pale steringi anakufa, na hakuna dunia ya pili. Niliitafsiri sehemu chache sana, Kiswahili chao tunakielewa.

Hapa kwetu hadithi zipo mpaka tunazikanyaga. Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima wetu: Mawenzi kila mara anakwenda kwa Kibo kuomba moto, moto wangu umezimika jirani, mpaka siku Kibo alipochoka akamtwanga, ndiyo maana Mawenzi amechongoka vile. Majirani wawili, mmoja mvivu, mmoja ana hasira, dakika tano za katuni, hata maneno hazihitaji. Mkitaka kubwa zaidi, kuna Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa hapa Moshi. Aliwapiga Wajerumani, wakarudi, wakamshinda, wakamnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake unakitafuta mpaka leo. Huyo ni steringi aliyekufa, adui ana sura na jina, na muvi yenyewe bado inaendelea. Msimpe nguvu za ajabu tu, nawaomba. Mkimfanya arushe radi mikononi mtakuwa mmemwondolea kila kitu.

Mwenyekiti ananiangalia saa. Jambo la mwisho ni tangazo: Jumamosi saa nane mchana tunaonyesha Flow, maiki itakuwa imezimwa. Walimu wa kompyuta wamekubali kuweka Blender kwenye mashine nne za maabara, wanaotaka waandike majina kwa katibu, na atakayekuja na michoro ya Mawenzi kwenye daftari atakaa mashine ya kwanza.

Maswali sasa. Nimeona mkono wa yule kijana mwenye fulana ya njano, uko juu tangu nilipomtaja Superman. Uliza, mdogo wangu, lakini kama ni kati ya Superman na Hulk nani ana nguvu zaidi, sijibu. Wako kampuni tofauti, na mimi sina wakili.